Nimeua mikrobe wa Kavira

Padri, rafiki yangu,

Beni ni joto na mapapai, na mapafu yangu yamechoka. Nakuungamia kwa kadi ili usipate nafasi ya kunihubiria.

Mjukuu wangu Kavira amefuga mikrobe, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, katika ndoo ya samadi, wapate kula mafuta machafu ya garaji yaliyoharibu shamba lake la maharagwe. Jana niliona ndoo inatoa povu, nikaimwagia klore, dawa ya kuua vijidudu, kama tulivyozoea tangu Ebola.

Kavira akanifokea mimi babu yake: “Koko, umeua batumishi bangu bote! Nani atakula ile mafuta sasa, ni weye?”

Nikamjibu, “Unizike mule shambani, nikioza mikrobe itajaa tena.”

Hakucheka. Amenikataza kufa mpaka kundi jipya likue.

Nisalimie baridi ya Butembo, na usije bado kunipaka mafuta ya wagonjwa, hapa yametosha.

Paluku wako