Kapteni Niliyemficha Kwenye Bani

Pelagia, wamelisoma daftari langu. Lile nililoandikia hadithi za yule kapteni mtoro wa mchezo wa redio, nikajiandika mimi kuwa mchumba wake.

Leo niliitwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alisoma kwa sauti mbele ya wanamgambo wawili: "Apolinaria alimficha Kapteni Sefu kwenye bani la kukaushia tumbaku, hapa kijijini Goweko, akambusu." Hakuna aliyecheka.

Akasema, "Kijiji hiki cha ujamaa hakikai na mtu asiyeandikishwa. Yuko wapi?"

Nikamwambia ni wa redioni, mzee, hayupo duniani.

"Mbona wewe upo? Mbona Goweko ipo?"

Hebu fikiria swali hilo, Pelagia. Mbona wewe upo.

Kisha akafika nilipoeleza sura ya kapteni. Mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, anavuta mguu kidogo. Akapasoma mara mbili, taratibu, akawatazama wanamgambo.

Unajua sura ile niliichukua kwa nani. Mwalimu Ambrosi hajui hata kama nampenda.

Nikaapa nimebuni. Akanijibu, "Nenda nyumbani, binti."

Wanamgambo walishika njia ya shuleni. Nikakimbia kwa njia ya mkato. Nimekuta watoto wamekaa kimya, hesabu imeishia katikati ya ubao; wanamgambo wamenitangulia, na mwalimu hayupo.