Nilimtolea Binti Yangu Misemo ya Mwingereza Makaburini

Mpendwa Bi Gulnar, naomba msaada wako maana nimekwama, mimi ni mwalimu mstaafu, Mgoa wa Tabora, mjane, naishi mtaa wa Thorncliffe Park huku ughaibuni, na kwa miaka thelathini nilifundisha Kiingereza, nikiwakaririsha wanafunzi, na binti yangu Zoe pia, misemo ya Mwingereza mmoja wa zamani, mwandishi wa insha na tamthilia, kuhusu maadili na maisha, na kila tatizo la nyumbani nililijibu kwa msemo wake, sasa Februari hii Zoe alifiwa na mwanawe wa miezi saba, na pale makaburini jeneza dogo linateremshwa, binti yangu analia mpaka mumewe Glen anamshika asianguke, mimi nikasimama wima nikamtolea msemo, kwamba uadilifu wa mtu huonekana msibani, Mungu wangu, nilidhani namfariji, akanitazama akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ninyamaze, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu, nimepanda basi mpaka kwao Markham mara mbili, Glen ananiambia mlangoni amelala. Nimemwandikia barua ya kumwomba radhi, naiambatanisha uinisahihishie, nisije nikampoteza na yeye.

Urbanus

Mwalimu Urbanus, pole. Pole sana, mzee wangu. Babu akifiwa na mjukuu ana vilio viwili, cha mtoto na cha mama wa mtoto.

Lakini jamani, Mwalimu! Barua ya kuomba radhi, na ndani yake misemo minne ya Mwingereza yuleyule? Mtu amekufungia mlango kwa maneno hayo, nawe unamletea mengine kwenye bahasha! Sikulaumu kuyapenda. Ila mfiwa hafundishwi, mfiwa hukumbatiwa. Nadhani unayang'ang'ania kwa sababu ukiyaachia utalia, na nani alikwambia mwalimu halii? Lia, baba.

Hiyo barua ichane. Jumamosi pika wali na mchuzi, ubebe sufuria yako uende Markham. Glen akisema mkewe amelala, mwambie utasubiri, na usubiri kweli. Neno la kitabu lisikutoke.

Na kuna jambo limeniuma kuliko yote. Nimezisoma barua zako mbili, yangu na ya Zoe, nikazirudia. Mwingereza umemtaja weee, lakini jina la mjukuu wako sikulikuta hata mara moja. Mtoto aliitwa nani, Mwalimu? Binti yako akifungua mlango, litaje hilo jina, kisha nyamaza.