Neno Nililomtungia Waziri

San José, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Eliécer,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi yangu Marielos na mama. Natumai mgongo wa mama umepata nafuu, na kwamba sasa anakubali kukaa chini angalau wakati wa kahawa. Mimi mwili mzima, ila moyo ndio hautulii.

Huku ni sherehe tupu. Waziri wetu amerudi kutoka Ulaya na tuzo ya kinara wa mazingira, na ofisini tumekula tamali za unga wa mahindi utadhani ni Krismasi. Kazi yangu unaijua: naandika taarifa ya wizara, inatumwa Ijumaa mchana waandishi wakiwa wamechoka, na Jumamosi naikuta gazetini neno kwa neno, hata koma zangu zimo. Ni mimi niliyemwita “mlinzi wa mito”, na sasa watoto wa shule wanamwita hivyo hivyo. Loo! Mtu mwenyewe sijawahi kumwona akilowesha hata kiatu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema dawa za mashamba ya mananasi bado zimo kisimani, na lori la maji bado linakuja hapo kijijini Las Quebradas Jumanne na Ijumaa. Unasema doña Hortensia wa dukani alimfokea mama mbele za watu, ati mwanawe ni mtia hofu, gazeti limesema, redio imesema, na wageni wameacha kuja kwa sababu ya mdomo wake. Na Jumapili, baada ya misa, mkutano wa kamati ya maji utapiga kura ya kukung'oa kwenye uenyekiti uliokaa nao miaka kumi na tisa. Akiingia mahali pako yule msimamizi wa shamba la mananasi, hakuna atakayepeleka tena maji yakapimwe. Umechoka, unataka kujiuzulu kabla ya aibu.

Usijiuzulu, kaka. Nakusihi.

Umeniuliza kama namjua aliyewabandika jina hilo. Swali hilo nimelizunguka wiki nzima. Ni mimi.

Vipimo vya maji ya kisima ulivyotuma wizarani vililetwa mezani kwangu siku tatu kabla ya tuzo. Bosi akaniambia nitafute neno la kuwanyamazisha watu hao, ila lisiwe tusi. Nilijaribu “wapinga maendeleo”, nikaliona zito. Nikaandika “watia hofu”. Mwandiko wako niliujua, Eliécer. Niliigeuza bahasha ili nisilione jina lako, kisha nikaendelea kuandika. Tena nilijivunia, Mungu anisamehe, maana lilikaa vizuri mdomoni.

Nilikuwa nikijiambia kwamba ni maneno tu. Sasa mama ametukanwa nayo akinunua mchele.

Jumamosi napanda basi la mchana. Ninayo nakala ya vipimo vyako yenye muhuri wa wizara, na pembeni mtaalamu wao ameandika kwamba ni sahihi. Nitasimama mkutanoni, mbele ya doña Hortensia na wote, niseme nani alilitunga neno lile na aliagizwa na nani. Kazi itaota mbawa, najua. Usipotaka nilale kwako, nitaomba kwa padre, wala sitakulaumu.

Mama msalimie tu, usimwambie kitu. Hilo niachie nimwambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuita mtia hofu,

Yorleny