Konokono Ndani ya Jiwe la Bibi

Kwa fundi saa, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Leo nimejiapia kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Kwanza, shikamoo. Goti lako limepoa? Kibonge na mdogo wake hawajambo? Ningependa kusema sisi pia hatujambo, lakini Bibi, mama yako mzazi, leo ni siku ya nne hajatia chakula kinywani.

Chanzo ni mimi.

Unalijua lile jiwe jeusi la duara katika chumba cha sala, alilorithi kwa bibi yake, lililotoka katika mto wa milimani. Unajua pia kwamba kwake si sanamu ya Mungu wetu Vishnu bali ni Vishnu mwenyewe. Hali kitu asubuhi kabla ya kuliogesha, kuliwekea jani la mrihani na kunywa kiganjani maji yaliyoliogesha.

Jumatano mwalimu wa sayansi alitufundisha asili ya mawe hayo. Zamani sana, kabla ya binadamu, milima ile ilikuwa chini ya bahari. Humo aliishi mnyama mwenye gamba lililojiviringa kama la konokono. Alipokufa tope lilimfunika, tope likawa jiwe, sakafu ya bahari ikainuka ikawa mlima, kisha mto ukalibingirisha jiwe hadi likawa laini. Ndiyo maana ndani ya tundu la jiwe letu mna ile michirizi ya mviringo ambayo Bibi huiita gurudumu la Mungu. Nilifurahi mno. Niliona Mungu alifanya kazi ndefu kuliko tulivyodhani. Nikasimulia mezani nikitegemea kusifiwa.

Mdomo huponza kichwa, ila safari hii umeponza kichwa cha mwingine.

Mama, kama ujuavyo, ni binti wa muuza samaki, na nyumba hii hata yai haliingii. Kwa miaka kumi na sita Bibi hajamruhusu kuvuka kizingiti cha chumba cha sala. Humwambia mbele ya wageni kwamba mikono yake inanuka shombo. Basi Mama aliweka kijiko chini taratibu.

"Kumbe huyu unayemwogesha ni wa kwetu, Mama, wa baharini," alimwambia Bibi. "Mbona yeye hanuki shombo?"

Baba alicheka, Shangazi. Sidhani alikusudia. Kisha akainamia tena saa aliyokuwa akiitengeneza.

Alhamisi asubuhi jiwe halikuwepo. Mama alikuwa ameliweka jikoni kuzuia mlango usijifunge. Alisema atalirudisha siku Bibi atakapotamka kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba ni konokono aliyekufa. Bibi alikataa, na hakula. Nilimsihi Mama, akanijibu kwamba njaa ya siku mbili si kitu mbele ya miaka kumi na sita. Nilimsihi Baba, akasema hayo ni mambo ya jikoni.

Jana Bibi alikuja akijishikiza ukutani. Mama alimwita pia mshona viatu wa ghorofa ya chini, awe shahidi.

"Ni konokono," Bibi alisema.

Mama akadai hajasikia vizuri.

"Ni konokono aliyekufa."

Mama alilisukuma jiwe kwa mguu hadi miguuni pa Bibi.

Nilidhani yameisha. Bibi aliliogesha muda mrefu kuliko siku zote, akaliwekea jani. Lakini yale maji hakuyanywa, aliyamwaga kwenye chungu cha mrihani. Nilipomletea sahani aliisogeza kando. Sasa anakunywa maji ya kawaida tu, funda moja moja, nikimshikia kikombe.

Nimemweleza kwamba yule mnyama hayumo tena, aliisha kabisa, na kilichobaki ni umbo lake katika jiwe. Aliniambia tu, "Soma, mjukuu wangu." Mama naye ameniuliza kama sayansi ina mengine.

Nisalimie Mjomba, na unibusie Kibonge na mdogo wake. Mungu asiwapungukie hata siku moja. Bado naamini Bibi atakula, nikipata neno la kumwambia. Wewe umelelewa katika chumba kile, kwa hiyo nakuomba jibu kwa posta ya kwanza: mtu akilikana jiwe, je, jiwe nalo humkana?

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako