Kwaresima ya Kingori

Tukuyu, 6 Januari 1952

Mwanangu Naeku,

Leo ni sikukuu ya Mamajusi, na mwaka huu ni wa kumi na nane tangu Boma, ofisi ya serikali ya Arusha, iliponiamuru nije kukaa huku kusini. U mzima? Wenzako wazima? Mimi sijambo, ila goti la kushoto, na mvua za Tukuyu hazionei magoti huruma.

Nimesoma gazetini kwamba watu wetu wa Engare Nanyuki wameondolewa ili Wazungu wapate malisho, nyumba zimechomwa, na watu wamesombwa kwa malori hadi Kingori. Gazeti limetumia mistari michache kwa jambo hilo na ukurasa mzima kwa bei ya kahawa. Niandikie wewe uliyetumwa huko pamoja na masista wenzako. Nani amekufa? Ng'ombe wako wapi?

Kuhusu baba yako mdogo Elimringi, sikuulizi. Amri ya kunizuia kurudi ilifutwa baada ya vita, unajua. Nimebaki huku kwa sababu sitaki kukutana njiani na ndugu aliyenitaja Boma.

Msalimie Mama Mkuu Ludovika, ambaye najua anaisoma barua hii kabla yako. Mama, Kiswahili chako kinaendeleaje?

Ni mimi baba yako,
Thomasi

*

Kingori, 19 Januari 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama Mkuu amecheka, anasema Kiswahili chake kinatembea vizuri kuliko goti lako.

Baba, hali ni mbaya. Wakati wa vita niliuguza askari waliorudi kutoka Burma, wengine hawana miguu, nikadhani nimemaliza kuona. Lakini askari alikuwa mtu mzima na alijua kwa nini anaumia. Hapa ni watoto. Wametolewa juu kwenye baridi, na homa ya huku chini hawajaizoea. Halafu ikaingia surua. Hospitali yetu ni mabati juu ya miti, na masista tuko watatu. Kwinini tunaikata nusu, kisha nusu ya nusu, na asubuhi mama anakuja na mtoto mgongoni bado amemfunga vizuri, hajui kwamba amebeba maiti. Au anajua, ila hataki kumfungua.

Alikuja Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma, kukagua. Nikamwambia watoto wanakwisha. Akaniuliza, "Siku hizi masista nao mnafanya siasa?" Nikamjibu, "Hapana Bwana, tunachimba makaburi tu." Hakurudi tena, na dawa alizoahidi hazijaja.

Baba mdogo Elimringi yuko hapa. Yeye na mkewe waliletwa kwa lori moja na mbuzi wa watu wengine. Tumbo lake limejaa maji, na daktari wa Arusha ameniambia hatapona. Ulimi wake lakini ni mzima. Jana ameniita:

"Wewe Naeku, uliyevaa shuka la Roma. Padri wako si anasamehe watu kila Jumamosi, foleni nzima?"

"Anasamehe, baba mdogo."

"Na baba yako anashindwa mtu mmoja?"

"Muulize mwenyewe."

"Ndiyo nakutuma, mjinga wewe. Nitatembea na tumbo hili mpaka Tukuyu?"

Akamtuma mkewe akate jani la sale. Nimeliweka ndani ya barua. Mama Mkuu aliuliza ni dawa gani; nilimweleza kwamba kwetu mkosaji akikupelekea jani hilo anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Akaliacha lipite.

Baba, anaogopa. Usiku anamwita marehemu bibi, mama yenu. Nijibu upesi.

Mwanao,
Naeku (Sista Gaudensia)

*

Tukuyu, 30 Januari 1952

Mwanangu Naeku,

Natumaini barua hii inakukuta salama kati ya hao wagonjwa wako. Nimesoma habari za mama yule na mtoto mgongoni, nikashindwa kula.

Sale limefika, limekauka. Siwezi kulikataa, mimi ni Mmeru hata nikizeeka huku. Lakini jani halina mdomo. Lile ombi la malisho tulilowaandikia Boma kabla sijafukuzwa halikuwa na jina la mtu. Boma waliujuaje mwandiko wangu? Nililetwa huku kwa pingu, mama yako akafa nikiwa mbali, na ndugu yangu alibaki na ng'ombe wake akiitwa mtu mwema wa serikali. Aseme alichokisema Boma. Asikunong'oneze wewe, aseme mbele ya watu aliohamishwa nao. Akisema, nitajibu siku hiyohiyo.

Baba yako,
Thomasi

*

Kingori, 13 Februari 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima wa kusimama tu.

Amesema. Nilimsomea barua yako asubuhi. Jioni akataka tumkalishe. Wagonjwa walikuwepo, na wanaowauguza, na mzee Lemburis aliyeandika lile ombi pamoja nawe. Akasema: "Mwandiko wa Thomasi niliwaonyesha mimi. Waliniahidi kwamba nyasi za Engare Nanyuki hazitaguswa mradi wajue nani anachochea. Nimemuuza ndugu yangu kwa nyasi, na hao hao niliowauzia wamezichukua."

Lemburis akamwambia, "Kumbe ni wewe, mbwa." Halafu akakaa karibu yake, akamshikia kikombe cha maji anywe. Mimi nikatoka nje nikalia.

Sasa sikiliza, baba. Kwaresima inaanza tarehe 27. Katika shirika letu hatuandiki barua wala hatupewi barua mpaka Pasaka. Ni mfungo wetu. Elimringi hatafika Pasaka. Kila asubuhi ananiuliza, "Imekuja?" Nakuomba, andika leo.

Mwanao,
Naeku

*

Tukuyu, 25 Februari 1952

Mwanangu Naeku,

Barua yako ilikwama Mbeya, daraja lilichukuliwa na maji. Nimeipata leo. Kwaresima itaanza kabla hii haijafika, na simu ya maandishi ingeishia posta ya Arusha mjini. Kwa hiyo kwanza nasema na Mama Mkuu, kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa kwanza.

Mama Ludovika, shikamoo. Najua kanuni yenu na sikuombi uivunje. Usimpe Naeku barua hii. Lakini wewe ukishaisoma, tafadhali nenda mwenyewe mpaka kitandani kwa Elimringi umwambie maneno haya, kwa Kiswahili chako hichohicho:

Elimringi, mdogo wangu. Nimelipokea sale. Nimekusamehe. Umetaja kosa mbele ya watu, na mimi sikudai tena lolote. Nisubiri ukiweza. Nauza kahawa yangu, nakuja Kingori. Tutakaa pamoja, hata kama ni chini ya mabati.

Naeku, nakuja nyumbani.

Baba yako,
Thomasi

*

Kingori, 14 Aprili 1952, Jumatatu ya Pasaka

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize vipi habari za afya yako katika barua hii.

Baba mdogo alifariki sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mwezi uliopita. Jana baada ya Misa Mama Mkuu alitufungulia kabati, akatugawia barua za Kwaresima. Yako ilikuwa bado imefungwa kwa gundi. Baba, wakati wa Kwaresima yeye naye hasomi. Barua zikija anazifungia kabatini bila kuzifungua, hata za mama yake mzazi. Wewe hukuweza kujua, na mimi sikukuambia, kwa kuwa nilidhani unajua.

Barua iliingia kabatini wiki ya kwanza. Tangu siku hiyo mpaka akafa, kila asubuhi aliniuliza, "Imekuja?" na kila asubuhi nilimjibu, "Haijaja, baba mdogo." Siku ya mwisho mkewe alinivuta shuka: "Si umwambie tu imekuja? Utakufa kwa uongo mmoja?" Nikasema mimi ni mtawa, siwezi kumdanganya mtu anayekufa. Akaniangalia Elimringi, akasema, "Basi Thomasi amekataa." Akageukia ukutani.

Nilimsomea Mama Mkuu barua yako yote. Alipiga magoti mbele yangu pale jikoni, akalia kama mtoto. Sikumwinua. Nasali naye kila alfajiri, kitabu kimoja, na midomo yangu tu ndiyo inayosali. Baba mdogo amezikwa kwenye ardhi ya kuazima, si katika migomba yake. Wagonjwa hawajapungua, na nafikiri kuvua shuka hili la utawa niende nisikokujua.

Njoo, baba. Njoo useme ule msamaha pale kaburini, hata mimi niusikie.

Naeku

*

Tukuyu, 4 Mei 1952

Mwanangu Naeku,

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi kuisoma tena. Afya yangu ni nzuri, na sioni inanisaidia nini.

Kahawa nilikwisha kuiuza na sanduku nilikuwa nimelifunga kwa kamba. Usiku nimelifungua.

Ulipomwambia haijaja ulisema ulichokijua. Mimi ndiye niliyetaka kwanza ataje kosa lake mbele ya watu, na majuma hayo ndiyo yaliyomponza. Usiubebe mzigo huo. Mimi nina mgongo wa kuubeba. Mama Mkuu sijamsamehe. Nasema ukweli. Ukiweza wewe, mwinue.

Lakini usiwaache watoto. Ukivua shuka lako, mama mwingine akija asubuhi na mtoto mgongoni, nani atamfungua?

Msamaha hausemwi kwa udongo, mwanangu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, naye ameondoka akiamini nimemkataa. Mlima Meru naujua ulivyo, hauhitaji kuniona. Wewe ungehitaji, nalijua hilo, na ndilo linalonifanya niumie ninapoandika mstari unaofuata.

Sitarudi.

Baba yako,
Thomasi