Njano Niliyoifuta

Makambako

Dada Lusia,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameshaanza, "anasemaje, anasemaje," na bahasha hujaimaliza kuifungua. Mnaendeleaje huko Mawengi? Mguu wake unakubali na baridi hii? Mimi mzima, ila nimechoka, dada, nimechoka mpaka macho. Kuna jambo nimelibeba. Ningepiga simu, lakini nikilisema kwa mdomo nitalia, na hapa studio watu hawakauki.

Kazi ni ileile, kupiga video za harusi na kuzihariri. Wiki nzima umeme unakatika. Wateja nao, mh! Kila mmoja anataka awe mweupe. Juzi bibi harusi kaja na mama zake wadogo watatu, wamenisimamia mgongoni: "Kaka, ongeza mwanga hapo, mbona umemfanya mweusi hivyo?" Nikawaambia sikumfanya, nimemkuta. Wakanuna mpaka walipoondoka.

Haya, sasa lenyewe. Baada ya mavuno tulipiga harusi moja Wanging'ombe. Baba wa bibi harusi, mzee mcheshi kweli, alitoka kumtuza binti yake akicheza, mablanketi mawili begani, watu wanapiga vigelegele. Sikutaka kumsogelea nikamharibia, na lenzi pana ukiipeleka karibu na uso inamvimbisha mtu pua. Nikakaa mbali na lenzi ndefu, ile inayomvuta mtu karibu mwenyewe asijue. Nikaupata uso wote, hadi kope.

Nilipokaa kuhariri nikaona macho yake ni ya njano. Nikasema hilo ni turubai tu, lile la kivuli cha wageni. Lilikuwa la njano na nyeupe, na jua likipita kwenye turubai la rangi huwapaka watu wote rangi ile. Tena siku hiyo kwa haraka sikuwa nimeionyesha kamera karatasi nyeupe ili ijue nyeupe ni ipi, kama inavyotakiwa. Basi nikachagua weupe wa jicho la mzee, nikaiambia kompyuta hii ndiyo nyeupe, rekebisha. Macho yakatakata. Lakini gauni la binti yake aliyesimama pembeni likageuka bluu, kama shuka lililozidishiwa bluu ya kufulia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, dada. Gauni lilikuwa jeupe tangu mwanzo, kwa hiyo mwanga haukuwa na kosa. Njano ilikuwa ya mzee mwenyewe. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikasirika, bosi anataka kazi kesho yake, nikalirudisha gauni lilivyokuwa, nikauzungushia alama uso wa mzee peke yake na kuifuta njano humohumo. Nikajiona fundi.

Mwezi uliopita tukasikia amefariki. Ini. Nikaifungua tena ile video ya awali, ambayo sikuihariri, nikaelewa nilichokuwa nimekiona. Nimwambie mjane, au ninyamaze? Kunyamaza ni rahisi, nani angejua?

Siku ya Jumanne mjane akaja mwenyewe. "Kamwene, mwanangu," akaniamkia, akakaa. Alitaka kile kipande cha mzee akicheza, nimwekee kwenye simu. Nikamwonyesha kile kilichosafishwa. Akatabasamu, ndipo akaanza kulia polepole.

"Mwangalie alivyokuwa mzima," akasema. "Hospitali walituambia tumechelewa kumleta. Kila siku najilaumu, mtu nalala naye, nakula naye, sikuona. Lakini hata wewe na mashine yako hukuona kitu. Basi, moyo umetulia kidogo."

Dada, hapo ningesema "pole, mama," akaenda zake na utulivu wake. Ulimi ukanishinda. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Mimi niliona. Niliifuta nikidhani ni turubai." Nikamfungulia ile ambayo haijaguswa.

Akaitazama mpaka mwisho. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Kumbe ilikuwa inaonekana," akasema.

Akachukua simu yake mezani, akaifunga kwenye ncha ya khanga, akatoka. Kipande hakukichukua, hata kimoja. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita, hakugeuka. Mpaka leo sijui nilimwambia kwa ajili yake au ili nijipunguzie mzigo mwenyewe. Nadhani ni mimi tu nilitaka kupumua, na pumzi ile nikamnyang'anya yeye. Binti yake nimempigia mara mbili, hapokei.

Nisalimie shemeji, mwambie koti lake bado ninalo na linanifaa kuliko yeye. Mjomba mwalimu wa kwaya umwambie ile video ya Pasaka ataipata, asinichongee kwa padri. Shangazi wa kule bondeni nampa pole ya ng'ombe wake.

Nawe, dada, fanya hili kesho kabla hujaenda shamba. Mtoe mama nje, juani, siyo ndani kwenye taa. Mwambie atazame juu, umwangalie macho vizuri, yote mawili. Ukiona rangi usiyoijua, usitafute sababu. Mpeleke.

Mdogo wako,
Desideri