Siku Tisini za Sista Raheli

Kinampanda, 9 Machi 2024

Evodia, mke mwenzangu,

Umepotea. Kutoka huko kituo chako cha afya hadi hapa ni basi moja tu, na tangu Krismasi hujakanyaga. Marahaba, kama umeniamkia. Sisi wazima. Babu yako Amosi anakohoa kwa makusudi ili asiende kupalilia.

Anayeniandikia ni mwalimu Nathan, jirani. Kila neno langu anataka kulilainisha, nimemkataza.

Juzi kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikauliza, ukasema mzima. Simuni unanidanganya. Andika kwenye karatasi, tujue moja.

Bibi yako

17 Machi 2024

Bibi, shikamoo. Msalimie sana Babu. Sikuja kwa sababu naona aibu.

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Mchana mmoja mwenzangu wa zamu alitumwa kusindikiza mgonjwa, nikabaki peke yangu wodi ya wazazi. Mama mmoja, Kristina, alikuwa ametoka kujifungua. Kila nikipita namuuliza anaendeleaje. "Salama tu, nesi," na kutabasamu. Nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Mara ya tatu alijibu vilevile, ila midomo imekuwa myeupe. Kufunua shuka, godoro limelowa damu. Nilisimama tu, Bibi. Mikono ilikataa. Sista Raheli, kiongozi wetu wa wauguzi, ndiye aliyekuja mbio akamwokoa.

Kristina amepona, yuko kwake na mtoto. Lakini mimi nimeandika barua ya kuacha kazi. Jana nimempa Sista. Nitakuja tulime wote.

Mjukuu wako, Evodia

Kinampanda, 24 Machi 2024

Evodia,

Kulima? Wewe? Mara ya mwisho kushika jembe ulijikata kidole, kuku wakacheka. Hapa huna shamba.

Sikiliza. Mwanamke wa kwetu aliyejifungua, ukimuuliza hali atasema salama hata roho ikiwa inatoka. Kulalamika mbele ya mgeni ni aibu. Mimi nilimjibu mkunga hivyohivyo siku ya baba yako, na nilikuwa naona giza. Hujazaa, ungejuaje? Kosa ni kukuacha peke yako. Hata bi harusi hatumwachi asongee ukoo mzima ugali siku ya kwanza, sembuse damu ya watu.

Huyo Raheli amesemaje? Nijibu upesi.

Bibi yako

18 Juni 2024

Bibi, shikamoo. Najua umekasirika, miezi mitatu bila barua, na simuni nakwepa tu. Sikutaka kuandika kabla sijapata jibu.

Sista hakuichana barua yangu, wala hakuipeleka mbele. Aliifungia kabatini. "Siku tisini," akasema. "Humo hutashika zamu peke yako. Zikiisha, njoo uichukue uipeleke mwenyewe." Kesho yake akajipanga kwenye zamu zangu zote, hata za Jumapili, akaacha kwaya. Akanifundisha nisiishie kuuliza: nifunue, niangalie, nishike tumbo kwa mkono wangu.

Mwezi uliofuata akawa anakaa kwenye kiti anafuma, mimi nafanya. Siku moja mama mwingine akaanza kutoka damu. Mikono yangu ilitangulia kabla sijaogopa. Damu ilipokata nikageuka kumtafuta Sista. Alikuwa amesimama nyuma yangu, uzi umeanguka chini. "Nimekuona," akasema. Basi.

Ijumaa siku zilitimia, akanipa ufunguo. Bibi, kabatini mna barua sita za kuacha kazi, yangu ikiwa juu. Ya chini kabisa karatasi imekuwa njano, na ni ya Sista mwenyewe. Nikafunga kabati, nikarudi wodini.

Mjukuu wako, Evodia

Kinampanda, 23 Juni 2024

Evodia wangu,

Umenitesa. Kila wiki babu yako alikwenda stendi kuulizia barua, akirudi namgombeza yeye. Sasa Nathan ameisoma mara tatu. Ya tatu nilimwambia apaze sauti, Elizabeti ng'ambo ya ua asikie. Wewe na mikono yako! Nimelia, na usimwambie mtu.

Huyo Raheli namfikiria tangu jana. Ana wodi, ana wagonjwa, na bado akakaa kwenye kiti akikungoja ukomae. Nimelea wanane mimi, na sijui kama hata mmoja nilimngoja hivyo. Kuna watu, mjukuu wangu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao njoo naye, mlale hapa. Usimwambie nataka kumshukuru, watu wa namna hiyo hukimbia shukrani. Mwambie bibi yako mgongo unamuuma.

Bibi yako